Kupiga dawa kwa ploti bila kuchafua maji ya kisima, tangi na ya jirani

Kila mvua ikikaribia na watu wakianza kupanda, maswali ni yale yale. Dawa nichanganyie wapi? Imebaki nusu lita kwa pampu, nimwage wapi? Hii chupa si naweza kuiosha niwekee mafuta taa? Kisima kiko hapo nyuma ya sukuma, kwani kuna shida? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hivyo naandika yote hapa mara moja, mtu akikuuliza mtumie.

Hii ni ya wewe uko na kaploti pande za Nairobi, Ruai, Kamulu, Njiru, Utawala, Dagoretti, Kasarani, unalima sukuma, spinachi, managu na nyanya kidogo, na maji unatoa kisimani ama kwa tangi ama kwa mfereji siku ile maji yamekuja. Wenye mashamba makubwa ya maua wako na watu wao wa kuwafundisha.

Nadharia kidogo tu, alafu tuingie kazini. Wengi hudhani maji huharibika wakati unapiga dawa. Ulaya walipofuatilia dawa iliyokuwa inaingia kwa mito yao walikuta sehemu kubwa inatoka pale mtu anajaza na kuosha mashine, si pale anapigia. Na kiasi chenyewe ni kidogo mpaka huwezi amini. Kiwango chao cha dawa moja ya wadudu kwa maji ya kunywa ni maikrogramu 0.1 kwa lita (maikrogramu elfu moja ndiyo miligramu moja). Sasa chukua dawa ya kawaida ya gramu 50 kwa lita, tone moja liko na kama miligramu 2.5, na tangi la lita 10,000 linahitaji miligramu moja tu kufika kile kiwango. Tone moja! Sisemi ukinywa hayo maji utaanguka hapo hapo, kiwango kimewekwa chini makusudi, lakini sasa unaelewa kwa nini kifuniko cha chupa hakioshwi kwa ndoo ya nyumbani.

Ukikumbuka jambo moja liwe hili: maji ndiyo yanabebwa kupelekwa kwa dawa, dawa haibebwi kupelekwa kwa maji.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pampu ya mgongo isiyovuja. Jaza maji matupu, ivae dakika tano, kama mgongo umelowa badilisha washa (ile ringi ya mpira inayozuia kuvuja) kwanza.
- Mtungi wa lita 20 wa kubebea maji ya dawa peke yake. Uandike kwa rangi pande zote mbili, usirudi tena kwa maji ya nyumba.
- Kikombe cha kupimia chenye mistari ya mililita, ama sirinji. Kifuniko cha chupa si kipimo, na kijiko cha jikoni sitaki hata kusikia.
- Karai pana la plastiki, kubwa kiasi pampu inakaa ndani na nafasi inabaki.
- Ndoo ya vumbi la mbao ama udongo mkavu, na kakoleo. Vumbi la mbao fundi wa fanicha anakupea bure.
- Glavu za mpira ndefu, gambuti, suruali ya kuvaliwa nje ya gambuti, apron ya plastiki, miwani, barakoa. Glavu za ngozi ama za kitambaa hazifai, zinanyonya dawa na kuiweka kwa ngozi yako siku nzima.
- Msumari mnene wa kutoboa chupa tupu, na ndoo ya rangi yenye kifuniko ya kuziwekea.
- Sabuni na mtungi mwingine wa maji safi ya kunawa. Huu unakaa mbali na dawa.

Hatua zenyewe

1. Tembea ploti ujue maji yanaenda wapi.

Fanya hii siku ambayo hupigi dawa. Onyesha kwa kidole kila mahali maji yanaingia ama yanakaa: kisima, tangi la chini, tangi la juu, gata za paa, mtaro wa barabara, shimo la maji machafu. Alafu chukua ndoo ya maji mwaga pale unafikiria utachanganyia dawa, simama uangalie. Yakielekea kisimani, hapo pameshakataa, tafuta kwingine.

Ushauri wa kawaida ni mita 30 kutoka kisimani, na 50 kama unaweza. Najua utaniambia ploti ni 50 kwa 100. Hizo ni futi, yaani mita 15 kwa 30, kwa hivyo kama kisima kimechimbwa katikati hakuna kona hata moja itakupa mita 30. Basi fanya hivi: nenda kona ya mbali zaidi, upande wa chini wa mteremko, na ufanyie kila kitu ndani ya karai, hakuna tone linaguswa na udongo. Karai linakusaidia kuliko hizo mita.

Udongo pia uuangalie. Upande wa Ruai, Kamulu, Embakasi, Utawala ni ule mweusi wa pamba, na kiangazi unapasuka nyufa mpaka mkono unaingia. Ukimwaga dawa kwa ufa haipiti udongoni polepole, inashuka moja kwa moja. Mvua ikinyesha huo huo udongo unafunga na maji yote yanakimbia juu juu hadi mtaroni. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono kwa udongo kama huo kiko hatarini kuliko cha mashine, ingawa hata cha mashine chunguza simiti iliyozunguka mdomo wa bomba. Kama imepasuka ama imebonyea maji yakasimama hapo, ita fundi azibe kabla ya kufikiria dawa yoyote.

2. Nunua dawa yenye lebo na uisome ukiwa bado dukani.

Dawa iliyosajiliwa Kenya iko na nambari ya bodi inayodhibiti dawa za wadudu, inaanza na herufi PCPB. Haina? Rudisha. Tafuta pia ukanda wa rangi chini ya lebo: nyekundu ndiyo kali kabisa, alafu njano, bluu, na kijani ndiyo ya chini. Lakini sikiza, ile rangi inapima hatari kwa mtu, haisemi chochote kuhusu samaki na mto. Hapo unatafuta kale kapicha ka samaki aliyekufa na mti mkavu. Dawa nyingi za viwavi na vidukari, zile zenye lambda-cyhalothrin ama deltamethrin, mtu akizitumia vizuri hazimsumbui sana lakini samaki zinamaliza kwa kiasi kidogo mno.

Dawa ya kupimiwa kwa chupa ya soda usinunue hata kama mwenye agroveti (duka la dawa za shamba) ni shemeji yako. Haina lebo, haina kipimo, na siku moja mtoto ataidhania ni soda.

Na kabla ya kulipa jiulize kama unahitaji kweli. Vidukari kwa mistari miwili ya sukuma vinatoka kwa maji ya sabuni na kung'oa majani yaliyojaa. Hiyo ni dawa moja imepungua kwa ploti.

3. Pima kwa maji matupu ujue utahitaji lita ngapi.

Hii hatua kila mtu anairuka, na ndiyo inazaa lile swali la "imebaki, nimwage wapi". Tia lita 5 za maji safi kwa pampu. Pima mita 10 kwa 10 shambani, piga kwa mwendo wako wa kawaida, alafu pima imebaki ngapi. Tuseme imebaki lita moja: umetumia 4 kwa mita 100 za mraba. Kama sukuma yako yote ni mita 300 za mraba utachanganya lita 12, si pampu nzima ya 20 ati kwa sababu pampu ni ya 20. Lebo ikisema mililita 20 kwa lita 20, wewe utatia 12. Dawa inatosha, na mwishoni hakuna kinachobaki.

Kama huna uhakika changanya pungufu kidogo. Ni rahisi kuongeza lita moja kuliko kutafuta mahali pa kuificha.

4. Chagua siku na saa.

Asubuhi mapema, majani yanatikisika kidogo tu. Upepo ukibeba vumbi la barabara utabeba dawa pia, mpaka kwa tangi la jirani. Angalia mawingu, na kama kuna dalili ya mvua kubwa ndani ya siku hiyo na inayofuata, ngoja. Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba utangoja sana, hakuna njia ya mkato. Dawa iliyooshwa na mvua imekula pesa zako na imeenda mtoni.

5. Funika maji yote kabla ya kufungua chupa.

Funga kifuniko cha tangi la chini, kile cha chuma ambacho huwa kimeachwa wazi nusu kwa sababu ya mpira wa pampu. Funika kisima. Toa maji ya kuku na ya mbwa. Mitungi iliyo nje ingiza ndani.

Alafu paa. Kama unavuna maji ya mvua, ile dawa ya upepo inatua kwa mabati, inakauka, na mvua ya kwanza inaishusha yote kwa tangi. Chomoa paipu ya gata inayoingia tangini kabla ya kupiga dawa na uiache imechomolewa mpaka mvua nzuri ioshe paa, ndio uirudishe. Ni kazi ya dakika mbili.

6. Chota maji, yabebe mpaka kwa dawa.

Hapa ndipo nataka usome pole pole.

Mpira wa maji usiingie ndani ya pampu ya dawa. Usiingie. Nishaona hii kwa ploti moja ya wapangaji: jamaa ametia dawa kwa pampu, akaingiza mpira mpaka chini ili usirushe povu, akafungua mfereji na kusogea kando kupokea simu. Maji yalikuwa yamefika nusu, meupe kama maziwa vile hizo dawa za mafuta hugeuka. Ghafla maji ya kampuni yakapotea, si unajua mgao wetu. Mpira ukaanza kukoroma. Ukiangalia ndani ya pampu unaona ule weupe unashuka, unaacha mstari kwa ukuta wa plastiki, unashuka tena, na hakuna tundu popote. Dawa ilikuwa inarudi kwa bomba. Maji yakikatwa, yale yaliyobaki kwa bomba hukimbilia sehemu za chini na yanavuta nyuma chochote kilicho kwa mdomo wa mpira. Jioni maji yakirudi, anayefungua mfereji wa kwanza ndiye anapata hiyo mchanganyiko. Siku hiyo mpira ulichomolewa mapema na bomba likafungiwa na kumwagwa, lakini fikiria kama simu ingekuwa ndefu.

Kwa hivyo:

- Jaza mtungi wa maji ya dawa pale mferejini, mtungi ambao haujaona dawa ndani. Mdomo wa mpira uning'inie juu ya mtungi, uache nafasi ya kiganja kati yake na maji.
- Funga mfereji. Ndio sasa ubebe mtungi mpaka kule kona uliyochagua.
- Usichovye pampu wala kikombe cha dawa kwa kisima, mto, dramu ama tangi. Dramu ndiyo huwa inasahaulika, mtu anachota na kile kikombe alichopimia dawa, mara ya pili, mara ya tatu, na jioni mama watoto anafulia hayo maji.
- Kama ploti ina mfereji wa pamoja, mwambie fundi wa maji aweke valvu ya kuzuia maji yasirudi. Lakini hata ikiwekwa, mpira bado hauingii kwa pampu, valvu huchoka.

7. Changanya ndani ya karai.

Vaa kila kitu kwanza. Weka pampu katikati ya karai. Tia maji nusu, pima dawa, itie polepole karibu na mdomo wa pampu, suuza kikombe na maji kidogo na hayo maji yaingie pampuni, alafu jaza maji mpaka kipimo chako. Funga, tikisa. Ukianza na dawa kabla ya maji povu litapanda na kumwagika.

Unga ni mbaya zaidi kuliko maji maji kwa upepo, kata pakiti na makasi, usiichane na meno. Ndiyo, watu hufanya hivyo.

Usiache pampu iliyojazwa ikikaa peke yake. Mbuzi, watoto, mpira wa miguu, chochote kinaweza kuiangusha.

8. Chupa ikiisha isuuze mara tatu hapo hapo.

Usingoje jioni, dawa ikikauka ndani haitoki tena. Ikiwa imeisha, iinamishe juu ya pampu mpaka iache kudondoka, kama nusu dakika. Tia maji robo ya chupa, funga, tikisa nusu dakika, mwaga ndani ya pampu. Rudia mara ya pili na ya tatu, kifuniko pia. Maji yote ya kusuuza yanaingia kwa pampu kama sehemu ya yale maji uliyopima, kwa hivyo acha nafasi. Alafu itoboe chini na msumari ili isitumike tena na mtu yeyote.

9. Piga dawa, na uache ukanda.

Anza upande ule upepo unaelekea ukirudi nyuma, usitembee ndani ya dawa yako. Nozeli karibu na majani, usiielekeze juu. Karibu na kisima acha mistari bila dawa, panda hapo dania ama kitu ambacho hakina wadudu wengi.

Wanaolima kando ya mto, Ngong, Mathare, Nairobi, nawaelewa, maji yako hapo na ardhi ni bure. Lakini kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaja ukanda wa kuanzia mita 6 mpaka 30 kutoka pale mafuriko ya juu kabisa yaliwahi kufika. Ukishindwa yote basi kwa dawa usisogee chini ya hizo 6, na ile dawa yenye kapicha ka samaki usiitumie hapo kabisa. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, inaenda mpaka Malindi, na njiani kuna watu Machakos na Makueni wanachota.

10. Osha pampu shambani, si mferejini.

Dawa ikiisha tia lita moja ya maji safi kwa pampu, tikisa, ipige kwa hayo hayo majani. Rudia mara tatu. Maji ya kuosha yameisha kuwa dawa nyepesi kwa mimea, hakuna cha kumwaga. Nje ya pampu futa na kitambaa chenye maji ukiwa bado ndani ya sukuma.

Kosa la kawaida ni kuosha hapo kwa simiti ya kisima kwa sababu maji yako karibu. Yaani umechukua tahadhari zote asubuhi alafu unamwaga mwisho wake juu ya kisima chenyewe.

Nguo za dawa zifue peke yake, kwa beseni yake, na hayo maji mwaga kwa udongo usio na kitu mbali na kisima na mtaro. Wewe nawa kabla ya kushika simu.

11. Weka dawa na chupa tupu mahali maji hayafiki.

Dawa ikae kwa sanduku lenye kufuli, juu ya rafu, unga juu na maji maji chini, ndani ya beseni inayoweza kushika chupa ikivuja. Sehemu mbili nazikuta kila mara na zote ni mbaya: ndani ya kachumba ka pampu ya kisima, na chini ya stendi ya tangi. Watu wanaona pako na kivuli na mlango, basi. Chupa ikipasuka hapo, kisima kiko hatua mbili.

Chupa tupu zilizotobolewa weka kwa ile ndoo ya rangi, ikijaa uliza agroveti kama wanazipokea kurudishwa. Usichome, usitupe chooni, usimpe mtu wa skrepa ikiwa nzima. Na hapana, haiwezi kuwekwa mafuta taa wala maziwa hata ukiiosha na maji moto wiki nzima.

Kando kidogo, kwa sababu naulizwa: haya yote yanahusu pia wale wa kupiga dawa ya kunguni na ile ya mchwa wakati nyumba inajengwa. Dawa ya mchwa inamwagwa kwenye msingi, na Nairobi tangi la chini huwa limejengwa karibu na msingi huo huo. Mwambie mtu wa dawa tangi liko wapi kabla hajaanza, na mwambie caretaker wa ploti afunike tangi. Hakuna atakayekuuliza.

Mambo yakiharibika

*Dawa imemwagika chini.* Usimwagie maji! Hiyo ndiyo akili ya kwanza ya kila mtu na ndiyo inaipeleka mtaroni. Zungushia udongo isitembee, mwagia vumbi la mbao, ngoja linyonye, kusanya na koleo pamoja na udongo uliolowa, weka kwa ndoo yenye kifuniko, andika ni nini.

*Dawa imeingia kwa tangi ama kisima.* Funga koki ya kutoka kwa tangi, zima pampu, waambie wote wanaotumia, wapangaji pia, hata kama ni aibu. Usifungue mifereji ati ioshe bomba, unaisambaza. Kuchemsha hakutoi dawa, maji yanapungua na dawa inabaki. Klorini ya kutibu maji haitoi. Kitambaa hakitoi. Nunua maji mengine kwanza, na ripoti kwa ofisi ya maji ama afya ya kaunti ukiwa na ile chupa yenye lebo mkononi.

*Nozeli imeziba katikati ya kazi.* Usiipulize na mdomo, usiitoboe na waya, tundu linapanuka na kuanzia hapo unamwaga dawa mara mbili. Ifungulie ndani ya karai, sugua na mswaki wa zamani. Ukinunua pampu nunua nozeli mbili.

*Imebaki dawa kwa pampu na sukuma imeisha.* Iongeze maji, ipige kwa mistari ambayo haikupata vizuri, ama kwa mimea mingine iliyotajwa kwa lebo. Usihifadhi mpaka wiki ijayo, inaharibika na inakula washa.

*Mtu amemeza ama anajisikia vibaya.* Hospitali sasa hivi na lebo mkononi. Usimtapishe, na maziwa si dawa ya sumu, yasikupotezee muda.

*Mvua imenyesha saa moja baada ya kupiga.* Ziba mtaro ulio kati ya mistari na udongo maji yasitoke shambani, gata ibaki imechomolewa. Usirudie kupiga siku hiyo, angalia lebo inasema ikauke kwa muda gani na wadudu wako wangapi kwanza.

*Jirani ndiye anaosha pampu karibu na kisima chenu.* Mpelekee karai. Sitanii, ni rahisi kuliko kugombana, alafu muonyeshe hatua ya 6 na ya 10. Akikataa, mwenye ploti na chifu.

*Maji hayanuki, basi ni sawa?* Pua haisikii maikrogramu. Na ile karatasi ya maabara uliyopewa kisima kilipochimbwa huwa inapima chumvi, floridi na vijidudu, dawa za wadudu haipimi mpaka uombe kwa jina. KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, wana maabara ya kupima mabaki ya dawa. Nenda na jina la dawa iliyo ndani kama lilivyoandikwa kwa lebo, si lile jina kubwa la biashara, na uwapigie simu kwanza wakuambie ubebe maji kwa chupa ya aina gani, manake ile ya soda wataikataa mlangoni.